Rudisha mawe kwenye hesabu: kusoma udongo wa changarawe kutoka Mogotio hadi Marigat

Ripoti ya maabara ya udongo huja imepangika vizuri: pH, fosforasi, potasiamu, kaboni, asilimia ya mchanga na ya mfinyanzi. Mkulima wa Mogotio au Marigat, kule Baringo nchini Kenya, anaisoma, ananunua mbolea, anapanga kumwagilia mara moja kwa wiki, na siku ya tano matikiti yamenyauka. Maabara haikukosea. Ilipima kile tu kilichopita kwenye chekeche ya milimita 2, na mawe yaliyobaki juu ya wavu yakatupwa. Kwenye mashamba mengi ya chini ya milima yetu, hayo mawe ni karibu nusu ya shamba, kwa hiyo ni lazima yarudi kwenye hesabu.

Kutoka Nakuru hadi Marigat unateremka karibu mita 800. Mvua inapungua, mimea ya miiba inaongezeka, na mti wa miiba uitwao mathenge unachukua nafasi ya nyasi. Jangwa lenyewe liko mbele zaidi, upande wa Lodwar, ambako mvua ya mwaka ni karibu milimita 200. Marigat haijafika huko, lakini udongo wake una tabia nyingi za udongo wa jangwa: mboji kidogo, chokaa chini, na tabaka za mawe zilizoletwa na maji ya mafuriko.

Mafuriko hayo hutoka milimani kwa kasi kupitia kwenye laga (mito ya msimu), na yakifika tambarare nguvu zinaisha. Mawe makubwa yanaachwa kwanza, karibu na mlima, changarawe katikati, na tope laini hufika mbali zaidi. Mashapo yanatandazwa kwa umbo la upepeo uliofunguliwa. Kwa sababu laga huhama kila baada ya miaka, shimo moja linaweza kuonyesha tope juu ya changarawe juu ya tope tena. Ndiyo maana mashamba mawili yaliyopakana hayafanani, na sampuli moja kwa ekari kumi haina maana huku.

Chimba shimo. Bomba la kutoboa udongo halifai kwenye changarawe: linagonga jiwe kwenye sentimita 30, mpimaji anaandika "mwamba", na shamba lenye mita 2 za udongo linahesabiwa kuwa halina kina. Tumia sululu na mtaimbo, upana wa mita 1, urefu wa mita 1.5, kina cha sentimita 120 ikiwezekana. Ukuta wa korongo nao unafaa na ni wa bure, lakini mvua imeosha udongo laini na kuacha mawe yamechomoza, hivyo jicho litaona mawe mengi kuliko yaliyopo. Kwangua ukuta ndani kwa sentimita 30 kabla ya kuusoma.

Angalia kwanza umbo la mawe. Mviringo na laini, yameburutwa na maji umbali mrefu. Yenye kingo kali, yameporomoka kutoka mteremko wa karibu. Mawe bapa yakilala yameegemeana, yote yakiinamia upande mto ulikotoka, hayo yamepangwa na maji yanayotiririka. Yakiwa yametawanyika ovyo ndani ya tope, makubwa kwa madogo, ni mmiminiko wa tope zito, na udongo wa aina hiyo hushika maji vizuri kuliko changarawe iliyooshwa.

Sasa kipimo chenyewe. Utahitaji karatasi nyembamba ya nailoni, chupa ya lita moja yenye alama, mizani ya kilo 25, karai na wavu wenye matundu ya milimita 2. Sawazisha sakafu ya tabaka unalopima. Chimba kishimo cha sentimita 25 kwa 25, kina 20, na usipoteze hata punje moja: kila kitu kiingie kwenye karai. Tandika nailoni ndani ya kishimo ikigusa kuta zote, kisha mimina maji kwa chupa hadi yafike ukingoni. Lita ulizomimina ndizo ujazo wa kishimo. Anika udongo ukauke kabisa, uchekeche, vunja madonge kwa mkono (donge la udongo si jiwe), sugua mawe yaachane na vumbi, halafu pima mawe peke yake na udongo laini peke yake.

Tuseme kishimo kilichukua lita 12, mawe yakawa kilo 14 na udongo laini kilo 8.7. Mawe mengi magumu yana uzito wa karibu kilo 2.65 kwa lita. Gawanya 14 kwa 2.65, unapata lita 5.3. Gawanya kwa 12: mawe ni asilimia 44 ya ujazo. Ukitumia uzito badala ya ujazo, kilo 14 kati ya 22.7, unapata asilimia 62. Tofauti hiyo ni kubwa na ndiyo inayoharibu ripoti nyingi, kwa sababu mifumo ya uainishaji hutumia ujazo. Katika mfumo wa Marekani, changarawe ni vipande vya milimita 2 hadi 75. Udongo wenye asilimia 15 hadi 35 huitwa wa changarawe, 35 hadi 60 ni wa changarawe nyingi, na 60 hadi 90 ni wa changarawe iliyokithiri. Kishimo chetu kiko daraja la kati. Kwa uzito kingesukumwa daraja la mwisho bila haki.

Tahadhari kwa wa Nakuru, Gilgil na Elementaita: jiwe la povu la volkano halifuati hesabu hiyo. Ni jepesi, vipande vingine huelea, na ndani yake mna matundu yanayoshika maji. Lizamishe kwenye maji usiku kucha, likaushe juu kwa kitambaa, kisha liweke kwenye ndoo iliyojaa pomoni, ukilikandamiza kwa wavu lisielee. Pima maji yaliyomwagika, huo ndio ujazo wake. Na usiyahesabu mawe hayo kama nafasi iliyokufa, kwa kuwa mizizi hunywa kwao.

Sehemu ninayoipenda zaidi kwenye shimo la nchi kavu ni chokaa. Chomoa jiwe taratibu kutoka ukutani, na kabla hujaligeuza, weka alama juu yake kwa kalamu. Sasa tazama chini yake. Mara nyingi utakuta ngozi nyeupe, nyembamba, imeshikamana na tumbo la jiwe huku mgongo ukiwa mtupu. Maji ya mvua hushuka na chokaa iliyoyeyuka, yanabaki yakining'inia chini ya jiwe, yanakauka, na chokaa inaganda hapo. Ngozi ikiwa chini ya mawe yote, mawe hayo yametulia mahali pake kwa muda mrefu. Ikiwa imeelekea juu kwa baadhi na pembeni kwa mengine, mawe yamesombwa kutoka udongo wa zamani, au trekta limeyageuza, na huwezi kuihesabu kuwa chokaa iliyojengeka hapo. Dondoshea asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa hadi asilimia 10, ukivaa miwani na glavu. Ikitoa povu, ni chokaa. Siki hutoa povu hafifu, na kimya chake hakithibitishi kwamba chokaa haipo.

Gile, Peterson na Grossman, waliochunguza udongo wa jangwa karibu na Las Cruces, New Mexico, walipanga mwaka 1966 hatua nne za chokaa hiyo, na zinafaa hata huku kwetu. Ya kwanza, ngozi nyembamba kwenye mawe. Ya pili, ngozi inazunguka jiwe lote na chokaa inaanza kujaza nafasi za katikati. Ya tatu, nafasi zinajaa hadi tabaka linazibika. Ya nne, juu ya tabaka lililozibika panajengeka utando mgumu wa chokaa uliopangika safu kwa safu. Udongo wa changarawe hupita hatua hizi haraka kuliko udongo laini, maana nafasi za kujazwa ni chache. Kwa mkulima, hatua ya tatu kwenda juu ni habari mbaya: mizizi inageuka na kutambaa pembeni, maji yanasimama juu ya tabaka, na chumvi inapanda.

Baada ya hapo, kutoa jina si kazi ngumu. Tabaka likiwa na unene wa sentimita 15 au zaidi, lina asilimia 15 au zaidi ya kalisi kaboneti (ndiyo chokaa yenyewe), na linazidi tabaka la chini kwa asilimia 5 au chokaa iliyojengeka hapo inafika asilimia 5 ya ujazo wake, hilo ni tabaka la chokaa kwa vigezo vya Marekani. Penye hali ya hewa ya jangwa kweli udongo wake ni Aridisoli, kundi la Kalsidi. Kama hakuna tabaka lolote lililojengeka, ni mashapo tu juu ya mashapo, ni Entisoli. Hapo tazama mboji: ikipungua polepole kadiri unavyoshuka, ni Toriothenti; ikipanda na kushuka bila mpangilio kwa sababu mafuriko yamezika nyuso za zamani, ni Torifluventi. Michirizi myeusi ukutani kwenye sentimita 50 au 80 ndiyo dalili yake.

Katika WRB, mfumo wa kimataifa wa kuainisha udongo, majina yanayolingana ni Kalsisoli na Fluvisoli, na penye mawe mengi huongezwa neno skeletiki. Angalia mipaka: Marekani, ambao neno lao ni skeletali, wanahitaji wastani wa asilimia 35 ya mawe, kwa kawaida kati ya sentimita 25 na 100, ilhali WRB inataka 40 kuanzia juu hadi sentimita 100. Udongo wa asilimia 37 utakuwa skeletali upande mmoja na usiwe upande wa pili. Andika asilimia yenyewe kwenye ripoti, siyo jina tu. Ramani ya udongo ya Kenya nzima ya mwaka 1982, ya kipimo cha 1:1,000,000, itakusaidia kujua eneo kwa jumla, lakini milimita moja juu yake ni kilomita moja ardhini, na laga huhama ndani ya mita 50.

Turudi kwenye matikiti. Udongo laini wa tifutifu kichanga hushika karibu milimita 120 za maji yanayofaa mmea kwa kila mita ya kina. Toa asilimia 44 ya mawe magumu, zinabaki 67. Mizizi ikifika sentimita 60, ghala lote ni milimita 40, na si vizuri kutumia zaidi ya nusu kabla ya kumwagilia tena. Mmea ukinywa milimita 5 kwa siku, una siku 4. Bila kutoa mawe ungepata 72, nusu yake 36, na ungepanga siku 7. Wengine hugundua kunyauka, wakaanza kumwagilia kila siku ya nne lakini kwa kipimo kilekile cha milimita 36. Milimita 16 za ziada zinapita chini ya mizizi, nazo ni karibu lita 65,000 kwa ekari, zikibeba naitrojeni uliyonunua. Maji ya matone, kidogo kidogo, ndiyo yanayofaa hapa. Mifereji inamaliza maji kwenye mita za mwanzo, mwisho wa shamba unabaki mkavu.

Mbolea nayo igawanywe. Sentimita 15 za juu za hekta moja yenye udongo usio na mawe zina karibu kilo 1,950,000 za udongo laini; kwa asilimia 44 ya mawe zinabaki kama 1,090,000. Kaboni ya asilimia 0.5 kwenye ripoti ni tani 5.5, siyo 9.75. Samadi basi ni ya lazima, na naitrojeni iwekwe mara tatu au nne badala ya mara moja. pH ikiwa 8 hadi 8.4 kwa sababu ya chokaa, fosforasi na zinki hufungwa, kwa hiyo weka mbolea ya fosforasi karibu na mbegu, usiisambaze. pH ikipita 8.5, shuku sodiamu na upime chumvi kabla ya kuchimba mfereji wowote.

Na mawe ya juu yaache. Yale madogo yaliyofunika uso wa shamba huzuia matone ya mvua kuupiga udongo na upepo kuubeba. Ukiyazoa yote, mvua ya kwanza itaacha gamba gumu linalozuia miche kutoka, na maji yatakimbia juu badala ya kuzama. Ondoa yanayozidi ngumi kwenye mistari ya kupandia pekee, uyapange kukingama mteremko, na sehemu nyingine zibaki zilivyo.