Kichwa kizito cha bastola kubwa: pima koo kabla ya kununua kalibu

Anayeanza kujimiminia vichwa vizito vya risasi za .45 Colt au .44 Magnum, saizi mbili za bastola kubwa, kwa kawaida huuliza kwanza madini yawe magumu kiasi gani. Swali hilo linakuja mapema mno. La kwanza ni kipenyo. Kichwa laini kinacholingana na bastola hulenga vizuri na kuacha mtutu safi. Kigumu kilichopungua sehemu mbili za elfu moja za inchi huupaka mtutu madini ya risasi, na kuyakwangua ni kazi ya jioni nzima.

Nazungumzia Marekani, ambako sheria ya taifa inamruhusu mwenye silaha kujijazia risasi za matumizi yake. Kenya na Tanzania, kutengeneza risasi bila leseni ni jinai. Msomaji wa huko achukue haya kama maarifa tu.

Anza na silinda, lile gurudumu la bastola lenye vyumba vya risasi, ikiwa tupu. Kila chumba huishia kwenye koo, sehemu nyembamba ambamo kichwa hupita kabla ya kuingia mtutuni. Paka mafuta kipande cha madini laini ya risasi, kisukume kwa kijiti cha mbao kipite kwenye koo, kisha kipime kwa mikromita. Pima makoo yote, maana hayafanani kila mara. Kipande kingine kipitishe mtutuni. Bastola nyingi za Smith & Wesson zina mifereji mitano ndani ya mtutu, na mikromita ya kawaida haiwezi kukishika vizuri kipande kilichotoka humo. Hapo tumia silinda yenyewe kama kipimo: kipande kilichotoka mtutuni kikikataa kabisa kuingia kwenye koo, koo ni dogo kuliko mtutu.

Hilo ndilo tatizo baya kuliko yote. Koo hukiminya kichwa, kichwa kinafika mtutuni kikiwa kimelegea, gesi inapenya pembeni na kukiyeyusha ubavuni. Zimewahi kutoka viwandani bastola za .45 Colt zenye koo la inchi 0.450 na mtutu wa 0.451 au 0.452. Hakuna mchanganyiko wa madini wala nta ya kulainisha kichwa itakayotibu hali hiyo. Mpe fundi wa bunduki ayapanue makoo hadi 0.452 na ushee. Kichwa sahihi ni kile kinachopita kwenye koo kwa kusukumwa na kidole, bila kudondoka chenyewe. Kwa .45 Colt za kisasa mara nyingi ni 0.452, kwa .44 ni 0.430 au 0.431.

Sasa ndipo ugumu. Kwa kipimo cha Brinell, madini ya risasi yasiyochanganywa yana 5 hivi, vile vipande vya kubalansia magurudumu 12, mchanganyiko uitwao Lyman namba 2 (kwa mia: risasi 90, stani, yaani tin, 5, antimoni 5) una 15, na linotaipu, madini ya herufi za wapiga chapa, 22. Zidisha ugumu kwa 1,422 upate, kwa makadirio, shinikizo la pauni kwa inchi ya mraba linalohitajika kukitanua kitako cha kichwa kizibe mtutu. Ugumu wa 12 unadai kama 17,000, wa 22 unadai zaidi ya 31,000. Kikomo cha .45 Colt ya kawaida ni 14,000, cha .44 Magnum ni 36,000. Kwa hiyo linotaipu ndani ya .45 Colt haitanuki, na kama kipenyo hakilingani hakuna cha kuokoa. Elmer Keith wa Idaho, mwandishi wa mambo ya silaha aliyebuni kichwa cha .44 cha greni 250 hivi (gramu 16.2) ambacho bado kinamiminwa, alitumia sehemu 1 ya stani kwa 16 za risasi, ugumu wa kama 11. Vichwa vya dukani vyenye ugumu wa 20 na kuendelea, kwa maoni yangu, vinamfaa zaidi msafirishaji: havibonyei ndani ya boksi.

Vipande vya magurudumu siku hizi vimechanganyika na zinki na chuma. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 za Selsiasi, zinki kwa 419. Weka sufuria chini ya 370 na uvichote vinavyoelea. Zinki ikishaingia, madini huwa kama uji mzito na kona za kalibu hazijai. Stani asilimia 2 inatosha kusaidia kujaza. Mikunjo kwenye kichwa ni dalili ya kalibu baridi au yenye mafuta. Weupe kama wa ukungu ni joto lililozidi, nao haudhuru. Kitako chenye ukingo uliolika kirudi sufuriani hata kama pua inapendeza, kwa kuwa kitako ndicho kinachotoka mwisho mtutuni, na gesi ikichomoka upande mmoja kichwa kinayumba.

Tone la maji ndani ya sufuria hulipuka na kurusha madini usoni. Miminia nje, nawa kabla ya kula, watoto wakae mbali, na betri za magari usiziyeyushe kabisa. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walishaona madhara ya kiwanda cha kuyeyusha betri.

Kiasi cha baruti sikitaji hapa. Kinatoka kwenye kitabu cha mtengenezaji wa baruti, kwa kichwa kilekile na urefu uleule. Kichwa cha greni 300 kinachozama zaidi ndani ya ganda hupunguza nafasi, na shinikizo linapanda ingawa baruti ni ileile.

Ukishajaza chache za majaribio, ng'oa kichwa kimoja ukipime tena. Kifaa cha kupanua mdomo wa ganda (die) kikiwa chembamba, ganda lenyewe hukiminya kichwa laini kutoka 0.452 hadi 0.450, na kazi yote ya mwanzo imepotea. Wengi hulaumu nta kwa kosa hili.

Madini yakishika mwanzo wa mtutu, shuku kipenyo. Yakishika karibu na mdomo, nta imeisha njiani.

Kichwa kizito pia hujivuta kutoka kwenye ganda kwa sababu ya teke la bastola. Bana mdomo wa ganda ndani ya mfereji uliochongwa kwenye kichwa, kisha jaribu: piga tano, toa ya sita bila kuipiga, linganisha urefu wake na uliopima kabla. Ikiwa imerefuka, ongeza mbano. Ikijitokeza mbele ya silinda, silinda haitazunguka.