Ukuta wa bibi
Jamani nyumba ya bibi hapa Bagamoyo, zile za zamani za mawe ya matumbawe na chokaa, lipu ya sebuleni ilikuwa inabanduka. Mwaka jana nikasema fundi wa nini, nikanunua simenti nikapiga mwenyewe, ikapendeza kweli. Masika yalipoisha naona inavimba, ukigonga inalia kama debe tupu, halafu bonge zima likadondoka na kipande cha jiwe.

Ndo nikamtafuta mzee mmoja fundi wa siku nyingi, akashika ukuta akaniambia mwanangu hizi kuta zinapumua, simenti imeziba, unyevu na chumvi havina pa kutokea. Akabandua yote, akapiga chokaa na mchanga, tabaka jembamba, anasubiri, anarushia maji kidogo kidogo isikauke haraka ikapasuka, ndo anaongeza lingine. Kila jioni nikitoka kazini namshikia ndoo, nimejifunza mno.

Kupaka chokaa nyeupe tumefanya wenyewe na wanangu, hiyo tunaiweza, hata kitasa nabadilisha, ila lipu ya nyumba hii na nyaya za umeme sigusi tena. Hela ya fundi nimelipa kwa roho nyeupe, kinachoniuma ni lile jiwe lililovunjika, maana bibi alizaliwa akalikuta.