Kisigino kinachouma asubuhi: nilivyokishughulikia

Maumivu yalikuwa chini ya kisigino, upande wa ndani, na makali zaidi kwenye hatua za kwanza baada ya kuamka. Ukitembea kidogo yanalegea, jioni yanarudi. Kinachouma hapo ni ukanda mgumu wa wayo, unaoanzia kwenye mfupa wa kisigino hadi kwenye vidole. Usiku wayo hulegea na ukanda hukaza; ukikanyaga ghafla unavutwa palepale uliposhikana na mfupa.

Mimi husimama dukani Ngamiani, hapa Tanga, juu ya saruji tupu, na nilikuwa na makubadhi miguuni. Makubadhi na kanzu ya Ijumaa ni sawa, ila soli yake ni bapa na haina mto wowote. Ndala zilizolika nazo ni vilevile. Kwa hiyo nilianza na viatu: raba za mtumba zenye kisigino kilichoinuka kidogo kuliko mbele. Kabla ya kulipa ikunje. Ikikunjika katikati, iache. Inatakiwa ikunjike penye vidole tu. Itazame na nyuma, maana raba nyingi za mtumba zimelika upande mmoja na zitakupotosha mguu. Nyumbani niliweka sandozi nene za kuvaa ndani tu, kwa sababu kutembea peku kwenye tailizi kunaharibu kazi yote ya mchana.

Zoezi la kwanza hufanyika kitandani, kabla mguu haujagusa chini. Pandisha mguu unaouma juu ya goti la pili, shika vidole vyote uvivute kuelekea ugokoni. Bonyeza wayo kwa mkono mwingine: ukanda usipokuwa mgumu kama kamba, hujavuta vya kutosha. Hesabu hadi 10, achia, rudia mara 10. Fanya hivyo mara 3 kwa siku. Asiyefikia vidole apitishe leso chini yake na kuvuta ncha mbili.

La pili ni la shavu la mguu, ambalo likikaza huongeza mzigo kwenye wayo. Shika ukuta, mguu mbovu nyuma, goti limenyooka, kisigino chini, sekunde 30, mara 3. Kisha rudia goti likiwa limepinda kidogo, maana misuli ni miwili na wa ndani haufikiwi goti likinyooka. Wengi hugeuza vidole nje. Wayo unalala upande wa ndani, na mvuto unapotea.

Lililonisaidia zaidi ni la nguvu, nalo ndilo watu huliruka. Simama kwenye ngazi, vidole juu ya taulo iliyoviringishwa, kisigino hewani. Inua kisigino kwa sekunde 3, tulia 2, shusha kwa 3. Anza na mara 12, seti 3, siku moja ndiyo, inayofuata pumzika. Ukizoea, vaa begi lenye kilo chache za mchele. Kuuma kidogo si neno. Kukizidi kesho yake asubuhi, punguza uzito.

Jioni nilibingirisha wayo juu ya chupa ya maji iliyogandishwa, dakika 10 hadi 15, soksi mguuni. Mwenye kisukari na ganzi asijaribu hili. Baiskeli sikuiacha: Tanga ni tambarare, na kisigino hakibebi uzito.

Sindano ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, hutuliza upesi, lakini ikirudiwa yaweza kudhoofisha ukanda hadi uchanike, na kupunguza mto wa mafuta wa kisigino. Na usitishwe na “mwiba” wa mfupa kwenye picha ya eksirei. Wapo wengi wanao na hawaumwi. Kupona, tarajia miezi, si siku.

Usihangaike na chupa wala taulo ikiwa kisigino kimevimba na kuwa chekundu, una homa, kuna ganzi, maumivu yanakuamsha usiku, au umeanguka na huwezi kupiga hatua 4. Hapo nenda hospitali, kwetu ni Bombo.