Siku moja na mashine inayozima ikijisikia

Watu wakisikia mimi ni fundi wa mashine za boti, wanadhani nashinda nikifungua nati na kujipaka grisi. Nati ni sehemu ndogo tu. Kazi yenyewe ni kusubiri, na hakuna mteja anayependa kumwona fundi amekaa.

Saa moja asubuhi nafungua karakana na kujaza maji kwenye pipa la kujaribia. Hadi saa tatu nimeshabadilisha pampu ya maji ya mashine moja na kusafisha kabureta ya nyingine. Kazi za namna hiyo hazina hadithi: kitu kimekufa, unakiona, unakitoa.

Saa tatu na robo akaingia mzee mmoja na mashine yake begani. Silinda mbili, nguvu farasi 10, ya miaka ya 1950, haina mfuniko. Mkononi ana mfuko wa plagi. Nilizihesabu baadaye: kumi na moja.

"Fundi, hii ni kabureta. Inakwenda, inazima, naisubiri, inawaka tena. Isafishe niondoke."

"Shikamoo mzee. Inazima vipi?"

"Marahaba. Inazima! Kwani kuna kuzima kwa namna ngapi?"

Zipo namna. Mafuta yakikatika, mashine hulegea kwanza: inakohoa, mlio unashuka, ndipo inakata roho. Moto, yaani cheche ya plagi, ukikatika, ni kama mtu amezima taa. Na kwenye silinda mbili, moto ukipotea upande mmoja mashine haizimi hapo hapo, inachechemea kwa mguu mmoja. Ukipunguza mwendo ndipo inasimama. Nikamweleza hayo yote. Akatazama chini, akasema, "Inachechemea. Ghafla." Basi, kabureta nikaiacha ilivyo.

Saa nne ikaingia kwenye pipa. Mvuto wa pili wa kamba ikawaka, na ikatulia kama mashine mpya. Dakika ishirini. Arobaini. Nilikuwa nashuku koili, ile inayoipa plagi moto, maana koili za zamani zina tabia ya kupasuka ganda: zikiwa baridi zinatoa moto mzuri, zikipata joto zinanyamaza, zikipoa zinafufuka. Nikafunga kipima cheche kwenye waya wa plagi ya juu, kisha ya chini. Pote cheche inaruka nafasi ya milimita 6, ya buluu, inalia tak-tak-tak. Saa moja nzima, mashine imechemka vizuri, hakuna kinachokosa.

"Fundi, mbona umekaa?"

"Nasikiliza, mzee."

"Mimi nimekuja kutengenezewa. Kusikiliza nimesikiliza mwenyewe miezi minne."

Akatoka nje, akarudi. Akaniuliza kwa nini siifungui. Akamwuliza kijana wangu kama hapa kuna fundi mwingine. Kijana akainama kufagia mahali palipokwisha kufagiwa.

Mashine hii haina betri. Moto wake unatoka kwenye magneto: sumaku iko ndani ya flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka juu ya mashine, na chini yake, kwenye sahani moja, zimejificha koili, platini (vidomo vya kukata na kuunga umeme) na kondensa inayozilinda platini zisiungue, kila silinda na zake. Ukitaka kugusa chochote, lazima flaiwili itoke. Na ukiitoa kabla hujaona kosa, utasogeza waya hapa, utakwangua platini pale, mashine itapona kwa wiki moja na hutajua ulichofanya. Kisha itamzimia mzee wa watu katikati ya maji. Kwa hiyo siifungui. Hilo nalo ni la kumweleza mtu aliyekwishakasirika.

Sikumbuki ilikuwa saa ngapi nilipomwuliza, nadhani baada ya saa nane, na nilimwuliza kwa kupitisha muda tu: mfuniko uko wapi?

"Nimeuacha nyumbani. Kila safari nabadilisha plagi, wa nini?"

Nikasimama. Pipa langu ni maji matulivu. Huko anakokwenda yeye, mawimbi yanarusha, na mashine iko wazi. Maji yanalowesha kitu, moto unapotea. Anasimama kubadilisha plagi, joto la mashine linakausha, anawasha, anaishukuru plagi mpya.

Kipimo chake ni chupa ya kunyunyizia maji, na giza, maana moto unaotoroka huonekana gizani. Chupa ninayo. Giza sina, na siwezi kufunga milango mashine ikinguruma ndani, moshi utatuua. Nikamwambia mzee tusubiri jua lizame. Alichonijibu sikiandiki.

Nikafanya kazi nyingine tatu sijui nne. Mgongo ukaanza kudai haki yake.

Giza lilipoingia tukawasha tena. Nikanyunyiza ukungu wa maji kwenye plagi: hakuna kitu. Kwenye waya wa chini: hakuna kitu. Kwenye waya wa juu, pale unapotokea chini ya sahani ya magneto, nikazungusha mkono wa mafuta taratibu. Ukiongeza mwendo, sahani nzima inazunguka na kuupinda waya. Ulipofika nusu, ukatokea uzi wa buluu, mwembamba kama unywele, unaruka kutoka kwenye waya hadi kwenye chuma cha mashine. Papo hapo mashine ikachechemea. Nikarudisha mkono, uzi ukapotea. Nikaongeza, ukarudi. Kijana akasogeza kidole kuuonyesha, ukamkaribisha. Aliruka hadi mlangoni.

Mzee akasogea karibu. Akanyamaza.

Taa ikawashwa, flaiwili ikatoka kwa pula, chombo cha kuivutia juu. Anayeipiga nyundo anaharibu shafti, nimeshazika mbili za namna hiyo. Waya ulikuwa na ufa kuzunguka ganda lote, ukiunyoosha huuoni, ukiupinda unafunguka kama mdomo. Nikaweka mpya wenye nyuzi za shaba ndani, si ule wa kaboni wa magari, maana koili hizi waya wake unadungwa kwenye sindano na kaboni haishiki. Platini nikazifuta na kuzipima nusu milimita, ufunguo wa flaiwili, kile kichuma kinachoishikisha kwenye shafti, nikaukagua, nati nikaikaza kwa nguvu zilizobaki.

Tukazima taa. Nikanyunyiza maji hadi yakatiririka, nikazungusha mkono wa mafuta mwanzo hadi mwisho. Giza tupu, mlio mmoja.

Mzee aliahidi kurudisha mfuniko. Kisha akainua ule mfuko wa plagi akauliza kama kuna inayofaa humo. Nikazimwaga mezani, nikazitazama moja moja chini ya taa.

"Tisa, mzee."

Akazirudisha mfukoni polepole, zile mbili akamwachia kijana.