Mashine ya Boti Nyuma ya Karavani

Desemba 2018 nilikuwa na umri wa miaka 22, na kazi niliyopewa na Ba'mkubwa asubuhi ile ya Jumamosi ilikuwa moja tu: kupakia mashine ya boti. Tulikuwa tunatoka Msasani, Dar es Salaam, kwenda Kimbiji, upande wa Kigamboni, ambako alikuwa na boti yake ndogo ya faiba. Nyuma ya pikapu tulivuta karavani, yaani nyumba ndogo ya magurudumu mawili aliyoinunua kwa mgeni mmoja aliyekuwa anarudi kwao, na ambayo watoto wa mtaani kwetu waliiita nyumba inayotembea.

Mashine yenyewe ilikuwa ndogo, ya nguvu ya farasi 5, yenye uzito wa kilo 25 hivi na tangi lake la petroli humo humo juu yake. Nilianza vizuri, kwa kuiwasha ndani ya pipa la maji baridi ili kuosha chumvi iliyobaki katika njia zake za kupoozea. Kisha nikaibeba moja kwa moja hadi ndani ya karavani, nikailaza chini ya dirisha la nyuma kando ya madumu mawili ya maji ya lita 20, nikaegemeza propela juu ya jaketi la kuokolea maisha ili isigonge, nikafunika kwa blanketi. Niliamini kwa dhati kwamba nimeihifadhi, kwa kuwa haingenyeshewa wala kuibwa tukiwa kwenye foleni.

Ubungo tulipita polepole, kwani ujenzi wa barabara za juu ulikuwa bado unaendelea na njia ilikuwa imejaa mashimo. Tulipovuka Buguruni katika Barabara ya Mandela, gari likapata mwendo, na hapo lori lililobeba kontena likatupita kwa kasi. Upepo wake uliisukuma karavani pembeni, kisha ikarudi, kisha ikaenda upande wa pili zaidi ya mara ya kwanza, na nikahisi mkia wa pikapu ukivutwa huku na huku chini yetu. Ba'mkubwa hakugusa breki. Aliondoa mguu kwenye mafuta, akashika usukani ukiwa umenyooka, akaliacha gari lipunguze mwendo lenyewe hadi myumbo ukaisha. Baadaye alinieleza kwamba angekanyaga breki kwa nguvu, karavani ingeendelea kuisukuma pikapu kwa nyuma na pengine kuikunja katikati ya barabara.

Tuliegesha mahali pa wazi kabla ya TAZARA. Aliuliza jambo moja tu.

"Mwanangu, mashine umeiweka wapi?"

"Nyuma kabisa, Ba'mkubwa, chini ya dirisha. Pamoja na maji."

Alishika kichwa cha karavani pale kinapoungana na pikapu, akanionyesha kwamba hakikuwa kinakandamiza kama kawaida. Nyumbani alikuwa amekipima kwa mizani, akapata kilo 60, na karavani nzima ilikuwa na uzito wa kilo 900 hivi. Mimi nilikuwa nimeongeza kilo 65 mita mbili na nusu nyuma ya ekseli, na kwa kuwa kichwa kiko mita tatu na nusu mbele yake, mzigo ule ulikuwa umekinyanyua kwa kilo zipatazo 46. Kilichobaki kukandamiza kilikuwa kama kilo 14, na karavani yenye kichwa chepesi namna hiyo huyumba hata kwa upepo mdogo.

Tulipofungua mlango, harufu ya petroli ilitupokea. Sikuwa nimefunga skrubu ya kupitishia hewa kwenye kifuniko cha tangi, wala koki ya mafuta, na petroli ilikuwa imeloanisha blanketi. Jokofu la karavani lilikuwa la gesi, na moto wake tulikuwa tumeuzima kabla ya kuondoka. Nalifikiria jambo hilo hadi leo kila ninaposikia harufu ya petroli ndani ya chumba. Tulifungua madirisha yote, tukatoa blanketi, tukamimina petroli iliyobaki katika dumu lake maalumu, na hatukuondoka mpaka harufu ilipokwisha kabisa.

Ba'mkubwa aliisimamisha mashine wima, na maji yakachuruzika kutoka mguuni mwake kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kwa kuinua propela juu kuliko kichwa cha mashine nilikuwa nimeyaelekeza maji yale kwenye silinda. Tena nilikuwa nimeilaza kwa upande usiofaa, ingawa vinundu vidogo vya plastiki kwenye ubavu mmoja vilionyesha wazi upande wa kulalia. Mashine ya mipigo minne kama ile hubeba oili yake tumboni, na ikilazwa vibaya oili hiyo huhama.

Tuliipachika wima kwenye boriti iliyokazwa kwa bolti nyuma tu ya kibini ya pikapu, tukabana skrubu zake mbili, tukaifunga kwa mikanda pande zote na kuivika propela gunia. Madumu ya maji tuliyasogeza juu ya ekseli. Juu ya Daraja la Kigamboni, lenye urefu wa mita 680, kaskazi ilitupiga ubavuni, na karavani ikatufuata bila kuyumba.

Kimbiji nilivuta kamba ya kuwashia, nayo ikagoma katikati kana kwamba imeshikwa na mtu.

"Usilazimishe, baba," alisema. "Oili haigandamiziki. Utapinda mkono wa pistoni."

Alitoa plagi, akaniambia nivute taratibu. Oili nyeusi ikaruka kupitia tundu la plagi, mvuto wa kwanza nyingi, wa pili kidogo, hadi ikaisha. Tukafuta plagi, tukaongeza oili iliyopungua, tukapima kwa kijiti, tukatia petroli. Iliwaka kwa mvuto wa tano, ikatoa moshi mzito wa buluu uliodumu dakika kadhaa, huku Ba'mkubwa akiwa ameinama, mkono chini ya kijito cha maji ya kupoozea, akisikiliza hadi mlio ulipotulia. Kisha akanipisha nikae nyuma, kwenye usukani.