Chupa ya fataki niliyoikuta kwenye stoo ya babu

Tulipomaliza arobaini ya babu, shangazi aliniita Nansio, kisiwani Ukerewe, nimsaidie kusafisha stoo. Nyuma ya nyavu zilizooza nikakuta chupa ya kahawa ya kioo, imejaa vidude vya shaba vidogo kuliko punje ya mahindi, vingine vimeota kutu ya kijani. Mkono ulishanyooka niitikise. Nikaurudisha.

Zilikuwa fataki, zile zinazokaa kwenye kitako cha ganda la risasi na kuwasha baruti zikigongwa. Babu alimiliki bunduki kwa kibali, enzi za kufukuza viboko shambani, na maganda alijaza mwenyewe. Bunduki aliirudisha polisi macho yalipofifia. Fataki zikasahaulika.

Mimi nimetunza stoo ya baruti kwenye machimbo ya kokoto, ndiyo maana nilishtuka. Fataki moja ikikulipukia usoni inaweza kukutoa jicho. Mamia yakiwa yamerundikana kwenye chupa, moja inawasha zote kwa mkupuo, na kioo chenyewe kinageuka vipande vya kuua. Viwandani hupangwa kwenye trei, kila moja na tundu lake, na humo ndimo zinapotakiwa kukaa hadi siku ya kutumika, mahali pakavu, pasipo joto, mbali na baruti. Hizi zilikuwa chini ya bati, hatua mbili kutoka dumu la mafuta ya taa, rafu moja na gololi za wajukuu!

"Mwanangu, si tuzitupe ziwani yaishe?" shangazi akasema. Nikamweleza kwamba unyevu wa miaka yote ile haukuwa dhamana, maana fataki iliyolowa ikikauka inaweza kuwaka tena, na ufukweni pale watoto wanaogelea kila jioni. Binamu yangu naye akashauri niziweke kwenye begi nivuke nazo hadi Mwanza, nikazikabidhi huko. Kwenye kivuko, katikati ya watu? Sisi wa Ukerewe tuliozika ndugu zetu kivuko cha MV Nyerere kilipozama Septemba 2018 hatuchezi na roho za abiria. Nilikataa katakata.

Chupa sikuigusa. Nilitoa dumu la mafuta kwa uangalifu, watoto wakahamia kwa jirani, nikafunga mlango na kwenda kwa mwenyekiti, kisha naye tukaenda polisi. Nakiri niliogopa, kwa sababu kibali kilikuwa cha babu, si changu, na sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015 haina mzaha. Lakini nilieleza kila kitu kama kilivyo, wakaandika maelezo yangu, wakaniambia nisiruhusu mtu kuingia humo hadi mtaalamu wao afike.

Alifika siku ya tatu. Muda wote huo shangazi alilala na ufunguo wa stoo ameufunga kwenye pindo la kanga. Gari lilipoondoka na ile chupa, alilifungua lile fundo, akanikabidhi ufunguo, akaenda kuwaita watoto.