Siku Moja Maishani Mwangu: Mkufunzi wa Silaha wa Polisi

Saa kumi na moja na nusu alfajiri huwa nimekwisha kufika kwenye ghala la silaha, kwa sababu hakuna bastola inayotoka humo kabla sijakagua chemba yake na kutia saini kwenye daftari. Kuanzia saa moja askari wako kwenye uwanja wa shabaha, na sehemu hiyo ya kazi haina mengi ya kusimulia. Ukimfundisha mtu kusimama imara, kuvuta pumzi na kuweka kidole nje ya kifyatulio mpaka aamue kufyatua, atalenga vizuri. Wengi hudhani kazi yangu inaishia hapo.

Saa nne tunarudisha risasi zote za moto na kupekuana mifuko na mikanda, kwa kuwa risasi moja iliyosahaulika inaweza kumuua mwenzetu katika zoezi. Kisha tunachukua bastola za mazoezi zinazorusha rangi na kuingia kwenye jengo la majaribio, ambako sehemu kubwa ya nguvu zangu huishia.

Leo askari aliyeongoza kwa alama uwanjani alipewa maelezo kwa redio: mwanamume mwenye koti jeusi na begi mgongoni, anayeshukiwa kuwa na silaha. Mtu wa namna hiyo akatoka mlangoni, akaingiza mkono mfukoni, naye askari akamfyatulia kifuani. Mkononi mwa mtu huyo mlikuwa na simu.

“Afande, redio ilisema ni yeye,” alijitetea.

Nikawasikilizisha wote rekodi ya mawasiliano. Askari aliyewekwa kuitazama nyumba alikuwa amesema kwamba mtu huyo anafanana na mtuhumiwa, lakini uso hakuuona vizuri. Msimamizi akaufupisha ujumbe: mtuhumiwa ametoka. Hivyo ndivyo shaka inavyopotea njiani, na mwenye bastola anapokea uhakika ambao hakuna mtu aliyekuwa nao. Ndiyo maana kila kundi ninalolifundisha hulieleza habari za Jean Charles de Menezes, fundi umeme Mbrazili aliyeuawa na polisi katika kituo cha treni cha Stockwell, London, tarehe 22 Julai 2005, baada ya kudhaniwa kuwa mmoja wa walioshindwa kulipua mabomu siku iliyotangulia. Waliokuwa wakimfuatilia hawakuwahi kumtambua kwa uhakika, ilhali waliofyatua waliingia ndani ya treni wakiamini kwamba ndiye.

Kijana hakukubali upesi. Alisema akisubiri, na ikawa ni bastola kweli, atakufa yeye. Hofu hiyo ni ya haki na siwezi kumruhusu mtu yeyote aidharau, kwa hiyo tulibaki mlangoni pale hadi chakula cha mchana kikapoa, tukirudia zoezi lile lile. Nilimweka nyuma ya ukuta, nikamwongezea umbali, nikamtaka aitazame mikono kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu aliyejikinga ana sekunde za kutazama ambazo aliyesimama wazi hana. Nikamtaka pia ajitambulishe na kutoa onyo mapema kiasi cha mtu kuweza kulitii, kama Kanuni za Msingi za Umoja wa Mataifa za mwaka 1990 kuhusu matumizi ya nguvu na silaha za moto kwa polisi zinavyoagiza, isipokuwa pale ambapo kufanya hivyo kungehatarisha maisha isivyostahili.

Baadaye, masikio yakivuma na sauti ikinikauka, tulifanya zoezi la kikundi. Mmoja alifyatua, na wenzake wakafyatua papo hapo bila kuona walichokuwa wakikilenga. Ndivyo ilivyokuwa New York, Februari 1999, askari wanne walipomfyatulia Amadou Diallo, mhamiaji kutoka Guinea, risasi 41 mlangoni pa jengo alimoishi. Diallo alikuwa na pochi tu, na askari mmoja alipoanguka wenzake walidhani amepigwa risasi. Tulirudia mpaka kila mmoja akaweza kunieleza alichokiona yeye mwenyewe kabla ya kufyatua.

Giza lilikuwa limeingia nilipoanza kuandika tathmini. Mkuu wa kitengo alipiga simu kuuliza kama yule kijana anaweza kuanza zamu ya silaha wiki hii, kwa kuwa watu hawatoshi. Nilimjibu kwamba shabaha yake ni bora kuliko ya wenzake wote, ila simpi cheti, kisha nikaandika hivyo hivyo kwenye fomu: arudie mafunzo ya utambuzi na maamuzi tangu mwanzo.